Coiba: je, ni vibaya kuogelea mahali walipofia watu?

*Swali: Mimi ni mwongoza watalii wa Kilimanjaro, naishi Moshi. Mume na mke niliowapandisha hadi kilele cha Uhuru wanaishi Panama, na sasa wamenialika nikawatembelee. Wamepanga tulale usiku mmoja au mbili kisiwani Coiba, ambako zamani kulikuwa na gereza. Nimesoma kwamba watu wengi waliuawa huko. Mama hataki hata kusikia; anasema mtu hastarehe juu ya damu ya wenzake. Changuu ya Zanzibar nimeshafika na sikuona tatizo lolote. Je, niende? Ni salama? Nikienda nifanyeje ili nisiwe kama wageni wanaopiga selfi popote? Na mwanangu wa miaka 11, niende naye?*

Nenda, mdogo wangu, na mtoto umchukue. Ila ratiba ya wenye boti usiikubali ilivyo. Nitakueleza kwa nini, lakini kwanza tuiweke Changuu pembeni, maana inakupotosha.

Changuu tunaiita kisiwa cha gereza, na jengo lipo kweli. Lilijengwa mwaka 1894 enzi za Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri mkuu wa serikali ya Sultani. Wafungwa waliokusudiwa hawakupelekwa. Jengo likaishia kuwa karantini ya abiria wa meli, kwa kuogopa homa ya manjano na maradhi mengine. Kabla ya hapo kisiwa kilikuwa kikitumika kuwazuia watumwa walioonekana wakaidi, na kwa maoni yangu habari hiyo ndiyo ingestahili kibao kikubwa pale gatini. Badala yake mgeni anapelekwa moja kwa moja kwa kobe, ambao wazee wao waliletwa kama zawadi kutoka Shelisheli mwaka 1919. Hukuona tatizo kwa sababu hukuonyeshwa kitu cha kukusumbua. Coiba ni habari nyingine kabisa.

Kiko Bahari ya Pasifiki, katika Ghuba ya Chiriquí, upande wa kusini magharibi wa Panama. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 503, yaani kinaizidi kidogo Mafia yetu. Serikali ya Rais Belisario Porras ilikifanya koloni la wafungwa mwaka 1919, na wafungwa wa mwisho waliondolewa mwaka 2004. Ni miaka 85. Jengo moja la ngome unalolifikiria silo lililokuwa gereza; gereza lilikuwa kisiwa chote. Kulikuwa na kambi zipatazo 30 zilizotapakaa ufukweni na ndani ya msitu, na wakati kimejaa zaidi kilikuwa na wafungwa wapatao 3,000. Walilima, wakafuga ng'ombe, wakakata kuni, wakajilisha wenyewe na kulisha wengine. Waliohesabiwa kuwa hatari zaidi walifungiwa kwenye vyumba vya kambi kuu. Waliobaki walitembea, wakalala kwenye mabanda, na waliachiwa hata mapanga ya kufanyia kazi.

Unaweza kujiuliza kwa nini basi hawakutoroka. Wapo waliojaribu, kwa magogo yaliyofungwa pamoja na kwa mitumbwi ya kuiba. Kati yao na bara kulikuwa na mkondo wa bahari wenye nguvu, papa, na kilomita zaidi ya 20 za maji ya wazi. Midomo ya mito ina mamba. Msituni kuna nyoka ambaye Wapanama humwita *equis*, wa ukoo mmoja na kifutu wetu, na sumu yake haina mzaha. Askari walikuwa wachache kuliko unavyodhani, kwa sababu kazi ya ukuta ilifanywa na bahari. Na palipokosekana askari, magenge ya wafungwa yalitawala. Mfungwa aliyefika kule kwa wizi aliweza kufa kwa panga la mfungwa mwenzake kabla kifungo hakijafika nusu, na habari zake zisitoke nje kwa miezi.

Hadi hapo ni gereza baya, kama yalivyokuwa magereza mengi. Linalompa mama yako haki ya kuogopa lilianza mwaka 1968, jeshi lilipotwaa madaraka. Akatawala Omar Torrijos mpaka alipokufa kwa ajali ya ndege mwaka 1981, kisha, kuanzia 1983, Manuel Noriega mpaka Marekani ilipoivamia Panama Desemba 1989. Katika miaka hiyo wapinzani wa kisiasa nao walipelekwa Coiba pamoja na wezi na wauaji. Zipo familia zilizoambiwa ndugu yao yuko kule, na zipo ambazo hazikuambiwa chochote.

Hapa nakuomba uwe makini, kwa sababu utasikia mengi ndani ya boti. Mwendesha boti mmoja atakwambia walizikwa mamia, mwingine atasema maelfu, wa tatu atasema walitupiwa papa wakiwa hai. Kilichothibitishwa ni hiki: Tume ya Ukweli ya Panama iliundwa mwaka 2001 wakati wa Rais Mireya Moscoso, ikatoa ripoti mwaka 2002. Ilithibitisha visa 110: watu 70 waliouawa na 40 waliotoweshwa. Hesabu hiyo ni ya nchi nzima na kipindi chote cha utawala wa kijeshi, si ya Coiba peke yake. Wachunguzi wa tume walichimba Coiba, na walichimba kwingineko pia.

Uwanja wa ndege utakaotua Panama unaitwa Tocumen. Eneo hilohilo la Tocumen palikuwa na kambi ya jeshi iliyoitwa Los Pumas. Heliodoro Portugal, mpinzani wa serikali aliyekamatwa na watu wenye silaha katika mgahawa mjini Panama mwezi Mei 1970, alitafutwa na familia yake kwa karibu miaka 30. Mabaki yake yalipatikana kwenye kambi hiyo mwaka 1999, na mwaka 2008 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ikaitia hatiani serikali ya Panama kwa kutoweshwa kwake. Kwa hiyo ukitua tu, kabla hujauona mchanga wala mnazi, umeshafika kwenye historia yenyewe. Nakwambia haya kwa sababu hadithi ya kisiwa cha kutisha ina uovu wake: inazoeza watu kudhani unyama ulifanyika mbali, kwenye msitu na papa, wakati mwingi ulifanyika mjini, karibu na vituo vya basi.

Sisi wa Arusha tungepaswa kuwa wepesi wa kulielewa hili. Kwa miaka mingi, hadi mwisho wa 2015, tulikaa na Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya Rwanda pale AICC, kituo chetu cha mikutano ya kimataifa. Madereva teksi, wahudumu wa hoteli, wakalimani, mama lishe, wote tulijifunza kwamba kuna namba za barazani na namba za mahakamani, na kwamba aliyepoteza mtu wake huumizwa na zote mbili, anayeongeza na anayepunguza. Wewe ni mwongozaji. Mwongozaji akizidisha chumvi kwenye urefu wa barafu ya Kibo, mgeni atacheka. Akizidisha kwenye maiti, amemwibia mtu kaburi.

Sasa, kwa nini nasema ratiba ya boti usiikubali? Mwaka 2005 UNESCO iliiweka Coiba kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Fikiri kidogo iliiweka kwa lipi. Robben Island ya Afrika Kusini iliingia orodha hiyo mwaka 1999 kwa sababu ya gereza lake. Ukienda utapokewa na mwongozaji ambaye mwenyewe alikuwa mfungwa wa kisiasa, na kila chumba kina maelezo. Coiba iliingia kwa sababu ya asili: kisiwa chenyewe, visiwa vidogo 38 vinavyokizunguka, samaki aina 760, papa aina 33, nyangumi na pomboo aina 20, na viumbe wa nchi kavu ambao wametengana na ndugu zao wa bara tangu maji ya bahari yalipopanda maelfu ya miaka iliyopita. Gereza limo ndani ya eneo, lakini si gereza lililotunukiwa. Matokeo yake, watakaokutembeza wanajua ndege na samaki kweli kweli, na gerezani wanapita kama mtu anayepita kwenye stoo ya nyumba. Baada ya kufungwa kwa gereza walikuwapo waliokuwa wafungwa waliobaki kisiwani kama waongozaji, na kusikiliza mmoja wao kulizidi vibao kumi. Siku hizi usitegemee hilo. Utajiongoza mwenyewe kwa kiasi kikubwa, na ndiyo maana nakuandikia kwa kirefu.

Safari ya kawaida ya siku moja inakwenda hivi. Boti ya faiba inatoka kijiji cha Santa Catalina asubuhi, mwendo wa saa moja hadi moja na nusu. Kituo cha kwanza ni Granito de Oro, kijisiwa cha mchanga mweupe ambako watu huogelea kwa miwani na mrija kutazama kasa na samaki wa matumbawe. Kisha kituo cha askari wa hifadhi pale Gambute, chakula cha mchana, matembezi mafupi msituni. Gereza, kama limo, linakuja mwisho, watu wamechoka, wamekauka chumvi mwilini, wako na chupi za kuogelea, na mwendesha boti anaangalia bahari iliyoanza kuchafuka. Dakika ishirini, picha, twende. Mtu mwema kabisa atafanya mambo ya aibu akipelekwa namna hiyo.

Geuza. Mkilala kisiwani mna nafasi ya kugeuza. Asubuhi mapema, kabla jua halijawa kali, nendeni kambi kuu iliyoko upande wa mashariki. Vaeni nguo kamili na viatu. Majengo yamechakaa sana, paa zimeanguka, mizizi imepasua sakafu, kwa hiyo ruhusa ya kuingia ndani inategemea uamuzi wa askari wa hifadhi siku hiyo; akisema hapana, ni hapana, usimbembeleze kama wageni wanavyokubembeleza wewe pale Kibo hali ya hewa ikikataa. Utaona vyumba vya wafungwa, na nondo zilizoliwa na kutu kwa hewa ya chumvi. Kuna kanisa. Kuna makaburi. Kaeni hapo muda wa kutosha kuacha kuongea. Halafu, kabla ya kupanda boti, mkaangalie bahari mkiwa mmesimama palepale gerezani. Maji ni ya bluu ileile iliyoko kwenye picha za matangazo, na hayo ndiyo yaliyokuwa ukuta. Ukishayaona kutoka pale, ndipo ukaogelee. Ogelea uonavyo. Aliyekufa kule hapungukiwi na kuogelea kwako. Anachopungukiwa ni kupitwa kama hakuwapo.

Hilo ndilo jibu langu kwa mama yako, lakini mpelekee kwa heshima, maana hakukosea. Mwambie hivi: Old Moshi, mahali Wajerumani walipomnyonga Mangi Meli pamoja na viongozi wenzake tarehe 2 Machi 1900, watu wanapita kila siku. Wanakwenda shambani, sokoni, watoto wanakwenda shule. Ndugu zake wamehangaika miaka na miaka kutafuta fuvu linaloaminika kupelekwa Ujerumani. Hakuna aliyewaambia Wachagga wahame kwa sababu damu imemwagika pale. Waliambizana kilichotokea, na mgeni akija anaambiwa. Kama mama atataka ubebe jani la isale kuomba radhi kwa wenye mahali, nia yake naielewa na nataka uiheshimu, lakini jani lenyewe liache nyumbani: forodha ya Panama hawatakubali mmea mbichi, na hifadhini ndiyo kabisa. Mwambie aliombee hukohuko kihambani.

Kuna sentensi utakayoisikia na ambayo mimi binafsi siipendi: kwamba gereza liliokoa msitu. Kama maelezo ya chanzo, ni kweli. Kwa kuwa watu waliogopa Coiba, hakuna aliyekwenda kukata mbao, kulima wala kujenga hoteli kwa miaka 85, wakati upande wa bara, mkoa wa Veraguas na rasi ya Azuero, misitu ilifyekwa kupisha ng'ombe. Ndiyo sababu kasuku wakubwa wekundu, waliokwisha karibu kote bara, bado wanaruka wawiliwawili juu ya Coiba wakipiga kelele. Ukiwaona jioni utasahau hata mbega wa Kilimanjaro. Wako pia kima wenye sauti ya kunguruma ambao wana umbo lao la pekee kisiwani. Lakini sikiliza namna sentensi inavyosemwa. Inasemwa kwa shukrani, kana kwamba wafungwa walikuwa mbolea. Tena haijakamilika: gereza liliacha ng'ombe wake, wakageuka wa porini, na mpaka leo wanaharibu uoto. Na kabla ya gereza kisiwa hakikuwa tupu. Kilikuwa na wenyeji wake, ambao Wahispania waliwamaliza na kuwahamisha utumwani katikati ya karne ya 16. Ukimya wa msitu ule una tabaka zaidi ya moja. Watu wa hifadhi tunalijua jambo hili hata kwetu. Wamasai walitolewa Serengeti mwaka 1959, na wageni wengi wanaopiga picha nyumbu hawajawahi kuambiwa. Sisemi hifadhi zivunjwe, mimi nimekula mkate wangu humo. Nasema mgeni akiuliza kwa nini hakuna watu hapa, ajibiwe.

Kuhusu picha, umeuliza swali zuri kwa sababu unajua mgeni anavyochosha. Piga picha za majengo, za mizizi, za bahari kutoka dirishani. Usisimame ndani ya chumba cha mfungwa ukashika nondo na kutoa uso wa huzuni. Wenyeji wako wakifanya hivyo, wewe toka nje tu, wataelewa. Ukikuta maandishi au michoro ya wafungwa ukutani, usiiguse, mafuta ya vidole yanafuta. Usichukue kitu: si msumari, si kipande cha bati, si gome la bahari. Na hadithi za mizimu, ambazo zitasimuliwa usiku kwa kupokezana pale kwenye mabanda ya Gambute, zisikilize kwa adabu kisha uulize jina la huyo marehemu, alikuwa nani, alifungwa lini. Mara nyingi hadithi inaishia hapo. Mzimu usio na jina ni njia ya kumfanya mtu aliyeuawa awe burudani.

Usalama. Hatari kubwa siku hizi haitokani na wafungwa wala mamba. Inatokana na boti. Pasifiki ina mawimbi marefu ambayo hujayazoea kama umevuka tu kutoka Dar hadi Unguja kwa meli ya kasi. Kila mtu avae boya la kujiokolea kabla boti haijaondoka ufukweni, mtoto avae la saizi yake, na injini ziwe mbili au kuwe na ya akiba. Hali ikiwa mbaya asubuhi, ahirisheni. Umewashusha wageni mlimani kwa dalili ndogo zaidi ya hizo. Msituni tembea kwenye njia, viatu vilivyofunika kifundo cha mguu, tochi usiku hata kwenda msalani. Mamba anatajwa sana kwa sababu amezoea kuonekana karibu na makazi. Msioge kwenye midomo ya mito na msikae ukingoni jioni. Beba dawa ya mbu na mikono mirefu, kwa ajili ya usubi zaidi kuliko mbu. Hospitali ni bara, kubwa ikiwa Santiago, mji mkuu wa Veraguas, kwa hiyo hesabu kila jeraha kama uko Barafu Camp, kule juu mlimani: kushuka kunachukua muda.

Habari za safari nitazipitia haraka, maana hizi unazimudu. Kwa pasipoti ya Tanzania anza kufuatilia viza ya Panama miezi kadhaa kabla, na wenyeji wako wakuandikie barua ya mwaliko. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano usiiache. Unatoka Afrika na wataiulizia. Kutoka KIA njia rahisi ni kupitia Amsterdam. Ya pili ni Addis Ababa hadi São Paulo kisha Panama. Vyovyote utakavyopita, uliza mapema kama nchi ya kupitia inadai viza ya kupita, hasa kwa mtoto, na ubebe cheti chake cha kuzaliwa pamoja na ridhaa ya maandishi ya baba yake. Fedha yao balboa ni sawa na dola moja kwa moja na noti wanazotumia ni za dola, hivyo beba taslimu, noti ndogondogo, usitegemee mashine Santa Catalina. Kama wenyeji hawana gari, kuna basi kutoka kituo kikuu cha Albrook hadi Soná, na jingine kutoka Soná hadi Santa Catalina. Itakula siku nzima. Ada ya hifadhi kwa mgeni kwa miaka mingi imekuwa dola 20, ukiilinganisha na ya mlima wetu utacheka peke yako. Ulizia ya sasa, na kulala kisiwani kunahitaji kibali cha wizara yao ya mazingira, ambacho kwa kawaida mwenye boti anakiombea.

Msimu: katikati ya Desemba hadi Aprili ni kiangazi, bahari tulivu zaidi, na kuna uwezekano wa kumwona papa potwe, yuleyule anayefuatwa Mafia. Julai hadi Oktoba ni mvua, lakini nyangumi wenye nundu wanakuja kuzaa. Kwa mtu anayekwenda na mtoto na hajazoea bahari, ningechagua Februari. Ila Februari nayo mlimani ni msimu wa wageni, hivyo panga kazi yako mapema.

Mtoto wa miaka 11 ana umri wa kuelewa kuwa watu walifungwa na kuonewa. Mweleze mkiwa bado Moshi, kwa maneno machache, asikute pale ghafla. Usimpe habari za mateso kwa undani, na usimdanganye kuwa ni magofu tu. Akiuliza kama waliokufa walikuwa wabaya, mwambie wengine walikuwa wamefanya mabaya na wengine walipinga serikali tu, na wote walikuwa na mama. Akichoka, asilazimishwe, mwache akatafute kasuku.

Jambo la kufanya kabla wenyeji wako hawajalipa: waombe wamwandikie mwenye boti kwa Kihispania maswali matatu. Je, safari inafika kambi kuu ya gereza, na tunaweza kuanza nayo asubuhi ya siku ya pili? Nani atatutembeza pale, na anajua nini zaidi ya hadithi za mizimu? Kuna boya la mtoto wa miaka 11? Akijibu la kwanza kwa kusema gereza halina maana, fukwe ni nzuri zaidi, tafuteni boti nyingine. Santa Catalina hazikosekani.